Kwenye kona yangu alikaa mtu nisiyemjua

Mwaka 2013 nilipanda ulingoni huko Ujerumani nikiwa na uzito wa kilo 61.2 nilioupata kwa kiu, na kwenye kona yangu alikaa mtu ambaye hata jina lake sikulijua. Alikuwa baba wa makamo, mpole, mwenye mikono minene. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kijerumani, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuombea maji. Raundi ikiisha alinikalisha kitini, akanimwagia maji kisogoni, kisha akaninyooshea dole gumba. Nilipopigwa sana alininyooshea dole gumba. Nilipoanguka, nikahesabiwa hadi nane na kuendelea, nilirudi kitini nikalikuta dole gumba lilelile.

Nina mapambano 33 ya kulipwa: nilishinda 17, nikapoteza 14, mawili yakawa sare. Kazi hiyo niliifanya kwa miaka kumi, kuanzia 2006 hadi 2016. Vijana wanaotaka kuingia kwenye ngumi huniuliza habari za mikanda, hela na safari, nami huwaeleza. Ila ninachotaka wakijue kabla ya hayo yote ni habari ya kile kiti kidogo, na mtu anayekiingiza ulingoni kengele ikilia.

Nilizaliwa Manzese, Dar es Salaam. Bondia Michael Yombayomba alipotwaa medali ya dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Kuala Lumpur mwaka 1998, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaani kwetu kila mtoto alijifunga matambara mikononi. Wengi waliacha baada ya wiki mbili. Mimi nilibaki kwa sababu ya mtu mmoja aliyefundisha ngumi kwenye ua nyuma ya gereji. Yeye alijifunzia mchezo huu jeshini, na alipenda kutusimulia habari za Titus Simba, aliyerudi na medali ya fedha ya michezo hiyohiyo kutoka Edinburgh mwaka 1970, kama vile ilikuwa juzi. Tulimwita Mwalimu.

Klabu yetu ilikuwa na mabegi mawili ya turubai yaliyoshindiliwa matambara na maranda ya mbao, na jozi nne za glovu kwa vijana ishirini. Ukipewa glovu unaikuta ina joto na jasho la mwenzako. Miezi mitatu ya kwanza sikurusha ngumi hata moja. Mwalimu alichora mistari kwa chaki kwenye saruji, nami nikawa natembea juu yake, mbele na nyuma, kushoto na kulia, bila kuvusha mguu juu ya mwenzake. "Ngumi inatoka kisiginoni," alikuwa akisema, "mkono unaipeleka tu." Alfajiri tulikimbia kando ya Barabara ya Morogoro hadi Ubungo na kurudi, kabla magari hayajaamka. Mchana nilibeba mizigo Kariakoo. Jioni begi.

Pambano langu la kwanza la kulipwa lilikuwa la raundi nne, la utangulizi, na nililipwa shilingi elfu arobaini. Nauli, bandeji na chakula cha wiki ya mwisho vilizidi hapo. Miaka mingi iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Watu wakiona bondia kwenye bango hudhani anaishi kwa ngumi. Bondia wengi niliowajua waliishi kwa bodaboda, kwa ulinzi wa usiku, kwa ukuli na kwa wake zao wanaouza vitumbua, na ngumi ilikuwa inakula kutoka kwenye hizo kazi badala ya kuzilisha.

Mwalimu akiwa kwenye kona alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuja na ndoo moja ya plastiki ya bluu. Ndani yake mlikuwa na chupa ya maji, pamba, vaselini, barafu ndani ya soksi safi, na taulo jeupe lililokunjwa vizuri kama la hotelini. Mapumziko kati ya raundi ni dakika moja, na ukitoa muda wa kukaa na kusimama unabaki na kama sekunde arobaini. Zile za mwanzo hakusema neno. Alinitoa kinga ya meno, akaisuuza, akaninyooshea mkanda wa bukta ili tumbo lipumue. Kisha alisema jambo moja tu. Makocha wengine hupiga kelele za mambo sita, na bondia anayehema hasikii hata moja. Mwalimu alisema, "Anashusha mkono wa kulia akirudi nyuma," basi, ananyamaza, ananipaka vaselini juu ya nyusi.

Halafu, kabla sijasimama, aliniuliza swali lake. "Leo siku gani?"

Kwa miaka mingi niliona ni mazoea tu ya mzee. Nilijibu "Jumamosi, Mwalimu" na kuinuka. Sikujua kwamba alikuwa hasikilizi jibu peke yake. Alikuwa anapima jibu limechukua muda gani kufika.

Mwaka 2013 nilipata pambano la raundi kumi, kubwa kuliko yote niliyowahi kupigana hapa nyumbani. Ukumbi wa DDC Magomeni Kondoa ulijaa hadi watu wakasimama kwenye milango. Kwa hesabu zangu nilikuwa naongoza raundi sita za kwanza. Raundi ya saba nikala ngumi ya kuzungusha nyuma ya sikio. Mtu ambaye hajapigwa pale hawezi kuelewa: haiumi. Miguu inaondoka tu, kana kwamba mtu amekata umeme kwenye nyumba ambayo wewe bado umo ndani. Nilianguka, nikainuka ilipofika sita, nikamtabasamia refa, nikanyanyua glovu. Refa akaruhusu tuendelee. Sekunde chache baadaye nikaona kitu cheupe kinapita mbele ya macho yangu na kutua sakafuni. Lilikuwa taulo la Mwalimu: kona ikilirusha, imesalimu amri kwa niaba ya bondia wake.

Nilichomfanyia Mwalimu usiku ule ndicho kinachonifanya niandike leo. Nilimtukana mbele ya ukumbi mzima. Nikamwambia amekula hela, ameniuza. Mtu aliyenilisha uji kwake nikiwa sina, aliyewahi kuuza redio yake ili nikapimwe macho, nilimwita mwizi kwa sauti, na watu wa mitaani kwetu wakasikia. Hakujibu. Aliokota taulo, akalikunja, akaliweka kwenye ndoo, akatoka kwenda kusubiri daladala. Miezi saba hatukusalimiana.

Ndani ya miezi hiyo saba ndipo simu ikaingia.

Ngoja nieleze biashara hii ilivyo, maana vijana wengi hawaambiwi. Ulaya na kwingineko kuna mabondia chipukizi ambao mapromota wao wanawajengea rekodi. Ili rekodi inenepe wanahitaji mpinzani anayejua ngumi kiasi cha kumaliza raundi kadhaa, mwenye ushindi wa kutosha kuonekana wa maana kwenye karatasi, ambaye gharama yake ni ndogo na anayepatikana haraka. Huyo mara nyingi ni sisi. Simu huja siku kumi au kumi na mbili kabla, wakati yule mwenyeji ameshajiandaa wiki nane. Uzito unaotajwa ni wa kwao. Na tiketi inayotolewa mara nyingi ni moja.

Wakala alinitajia dola 2,000. Kwa Manzese ya wakati ule hiyo ilikuwa pesa ya kiwanja. Mwezi Agosti mwaka uleule Francis Cheka alikuwa amempiga Mmarekani Phil Williams pale ukumbi wa Diamond Jubilee na kutwaa mkanda wa ubingwa wa dunia wa shirikisho la WBF, na kila bondia wa mji alijiona yuko pambano moja tu kutoka kuwa Cheka. Mimi kwa kawaida nilipigana kwa kilo 63.5, na siku niliyopigiwa simu nilikuwa na 68. Wakala akasema pambano ni la uzito wa kilo 61.2, zimebaki siku kumi na mbili. Nikasema sawa. Nikauliza kuhusu kocha, akajibu, "Kona utapewa hukohuko, kila kitu kipo." Nikasema sawa tena. Ukigombana na aliyekushika mkono, sawa inakuwa rahisi sana kusema.

Karibu kilo saba kwa siku kumi na mbili. Za kwanza zilitoka kwa kukimbia nimevaa nailoni ndani ya sweta. Za mwisho zilitoka hotelini. Nilijaza beseni la kuogea maji ya moto yenye chumvi, nikajilaza humo hadi moyo ukawa unagonga masikioni, kisha nikatoka na kujifunika mablanketi yote yaliyokuwepo. Nikatafuna bazoka na kutemea mate kwenye chupa ya maji, chupa ambayo siku mbili nzima sikuwa nimeinywea. Usiku niliota bomba la mtaani kwetu. Nilipoamka ulimi ulikuwa umeganda kwenye kaakaa, na nilipopiga mswaki nililia, kwa sababu ilinibidi niyateme yale maji.

Kwenye mizani nilizidi kidogo. Wakanishikia taulo, nikavua hata nguo ya ndani, sindano ikatulia. Wakapiga picha. Nilikunywa maji kwa pupa nikayatapika yote nyuma ya jengo, nikajaribu tena, nusu yakabaki. Pambano lilikuwa kesho yake. Mwili uliokaushwa namna ile haujazwi kwa usiku mmoja kama pipa. Na Mwalimu alikuwa ametufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba ubongo umezungukwa na majimaji, na kwamba anayejikausha hadi dakika ya mwisho anakwenda kupigwa kichwani akiwa dhaifu kuliko siku zote. Nilijua. Nataka hilo lieleweke, kwamba nilijua.

Raundi mbili za kwanza nilipigana vizuri. Ya tatu akaanza kunipiga ini, na kila ngumi ilinikuta bila pumzi ya kuipokea. Ya nne nikaanguka. Ya tano nikaanguka tena, na nikiwa nimepiga goti moja, mkono mmoja kwenye kamba, nikasikia sauti ya mwanamke kutoka gizani, lafudhi ya Mombasa, akipiga kelele kwa nguvu zake zote: "Kaa hapo hapo, kaka! Usiinuke! Inatosha!"

Sikuwahi kumwona. Sijui alikuja na nani au alikuwa akifanya nini pale. Lakini katika ukumbi wote ule, mtu pekee aliyekuwa kwenye kona yangu ni yeye, na yeye alikuwa amekata tiketi.

Niliinuka. Nikarudi kitini nikaonyeshwa dole gumba. Raundi ya sita refa akanikumbatia na kumaliza pambano.

Daktari alinimulika tochi machoni, akaniuliza kitu, nikatikisa kichwa kukubali bila kuelewa. Asubuhi nikapewa bahasha. Zile dola 2,000 zilikuwa zimekatwa viza, vipimo, asilimia ya wakala na jambo fulani lililoandikwa kwenye karatasi nisiyoweza kuisoma. Nilifika Dar na 1,100.

Kichwa kilianza kuniuma kwenye ndege na hakikuacha. Mwanga wa jua ulinichoma macho. Nilikuwa naingia chumbani nasahau nilichofuata. Mke wangu alinisemesha nikawa namkasirikia kwa sababu maneno yake yalinifikia kwa kuchelewa. Siku ya tisa nilikwenda kwa Mwalimu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Nilimkuta ameketi kwenye benchi akikunja bandeji zilizotoka kufuliwa. Akaniangalia usoni. Hakuuliza safari, hakuuliza hela, hakutaja yale matusi.

"Leo siku gani?" akasema.

Nikafungua mdomo. Nilijua kwamba najua. Nikatafuta, kama mtu anayepapasa swichi gizani ndani ya chumba chake mwenyewe, na Mwalimu akawa ananitazama huku ninapapasa. Nikasema Jumanne. Ilikuwa Alhamisi. Akaweka bandeji chini, akavaa viatu, tukaenda hospitali.

Picha za kichwa hazikuonyesha damu. Daktari alisema nimepata mtikisiko wa ubongo, tena huenda si mmoja, na akanikataza hata sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, hadi atakaponiruhusu. Nilikaa nje miezi saba. Katika miezi hiyo ndipo Mwalimu alinisimulia habari ya Robert Wangila wa Kenya. Sisi tulimjua kama bingwa wa Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya ngumi. Alichonisimulia Mwalimu ni mwisho wake. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake, naye Wangila akalalamika kwamba bado ana nguvu za kuendelea. Akashuka ulingoni kwa miguu yake. Muda si mrefu akapoteza fahamu, na hakuamka tena. "Alikuwa analalamika," Mwalimu alirudia, "kama wewe." Alisema hivyo kwa upole, na hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kugusia usiku ule wa Magomeni.

Nilipigana tena miaka miwili na zaidi, hapahapa nyumbani, Mwalimu akiwa kwenye kona, na sikujikausha tena zaidi ya kilo mbili. Nilipoacha, mwaka 2016, sikuwa na kiwanja. Nilikuwa na akili zangu, na watoto wawili wanaonijua nikiwa mtulivu. Mwalimu alifariki miaka mitatu baadaye. Tulipomaliza matanga mkewe aliniita uani akanikabidhi ile ndoo ya bluu.

Sasa nafundisha mimi, na ubishi ninaoupata kila mwezi una jina: Mwakinyo. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa Birmingham kwa taarifa fupi kupigana na Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya. Waliomwita hawakutarajia lolote kwake, naye akamaliza kazi raundi ya pili. Nililia kwa furaha usiku ule. Lakini tangu siku hiyo kila kijana anayepigiwa simu na wakala ananiambia, "Kocha, si hata Mwakinyo aliitwa hivihivi?" Nami namjibu kwamba ni kweli, nenda, ulimwengu ni wa kila mtu. Ila kwanza nionyeshe mkataba uko kwa lugha gani. Nionyeshe uzito wako wa leo na uzito wanaoutaka, na siku zilizobaki. Niambie ukivunjika taya bili inalipwa na nani. Na tiketi ziko ngapi? Kama ni moja, mwambie wakala akate kwenye malipo yako anunue ya pili. Hapo wengi hunikasirikia. Wanaona nawakatia riziki, nataka kutalii kwa mgongo wao. Wawili wamehama klabu kwa sababu hiyo, na mmoja wao alirudi haoni vizuri jicho la kushoto.

Taulo nalo si dawa ya kila kitu. Si kila mahali refa analazimika kulitii, kwa hiyo mtu wa kona awe tayari kupanda ukingoni mwa ulingo na kujionyesha. Wala ngumi za ulingoni si zote. Nadhani nusu ya madhara yangu niliyapata kwenye sparingi, mazoezini, siku ambazo hakuna aliyekuwa anahesabu, tukichapana kama maadui kwa sababu mtu fulani maarufu amekuja kutazama. Klabuni kwangu aliyeangushwa haruhusiwi kugusana na mtu hadi daktari aseme. Anaruka kamba tu, huku wenzake wakinichukia kwa niaba yake.

Mwaka jana nilirusha taulo kwa mara ya kwanza. Kijana wangu, miaka ishirini na miwili, hajawahi kupoteza, raundi ya tano, mama yake yupo mstari wa mbele. Hakuwa hata ameanguka. Nilipomuuliza mwisho wa raundi ya nne leo siku gani, alijibu sawasawa, lakini aliniangalia mdomo kwanza. Ile raundi ya tano nilikaa na taulo mkononi. Likaniwia zito kama limelowa, nikakumbuka ukumbi wa Magomeni na sauti yangu mwenyewe. Alipokula ngumi mbili za kulia mfululizo bila kuziona, nikalirusha.

Alinitukana. Si kama nilivyomtukana Mwalimu, lakini alinitukana. Nikaokota taulo, nikalikunja. Chumba cha kubadilishia nguo nilisimama mlangoni wakati anaoga, nikisikiliza maji, nikimwita kila baada ya muda ili nisikie sauti yake. Tulipita hospitali, akapimwa, daktari akasema anaweza kwenda nyumbani ila asilale peke yake usiku huo. Mama yake akaniachia mimi. Nikamtandikia godoro sebuleni, nikavuta kiti karibu.

Nilimwamsha saa sita. Saa tisa nikamwamsha tena, nikamgusa bega, nikamuuliza leo siku gani. Akafumbua macho, akaniangalia, bado ana hasira.

"Jumamosi," akasema. Halafu haraka, kabla sijasogea: "Hapana, Kocha. Jumapili. Kushakuwa Jumapili."

Nikamwambia alale.